Bakuli la Mzee Leung

Mpendwa binti yangu Kabula,

Chini ya kabati langu la nguo, nyuma ya viatu ninavyovaa kwenda kanisani, kuna bakuli jeupe la wali, jozi ya vijiti vya kulia na kijiko cha kauri. Vimefungwa kwa karatasi nyekundu ambayo imeanza kupauka kwenye mikunjo. Ni vyako. Nilivitoa Guangzhou nikiwa nimevizungushia soksi zangu, na tangu siku hiyo sijamwonyesha mtu. Hata shangazi yako Tekla, anayefagia chumba hiki kila siku, hajui kilichomo ndani ya lile furushi. Nilimwambia ni vitu vya zamani vya shule, visiguswe.

Nitakueleza jinsi nilivyovipata, lakini nivumilie nifike huko polepole. Daktari ameacha kunibadilishia dawa. Mimi nilikuwa mwalimu, najua maana yake mtu anapoacha kukusahihisha.

Barua hii nimeiacha wazi, asomaye na asome. Ninyi wengine mnaoisoma, wengi wenu mlinisikia nikisimulia habari za Mzee Leung msibani, harusini na kwenye baraza la wazee wa kanisa. Nilimsema hadharani, kwa hiyo siwezi kumsafisha chumbani. Lakini maneno haya ni yako, Mama.

Unakumbuka mwaka nilipostaafu ukanitumia tiketi? Ulikuwa umemaliza masomo yale uliyopewa ufadhili, ukabaki huko ukiwasindikiza wafanyabiashara wetu masokoni na kuwatafsiria. Ulikuja uwanja wa ndege umevaa suruali ya jinzi na miwani ya jua, nikakupita kwanza bila kukutambua. Kisha tukatoka nje na lile joto likanivaa. La Tabora linakuchoma na kukuacha. La kule linakukumbatia, halikuachi hata kivulini. Ilikuwa Machi. Tulipoingia kwenye nyumba uliyopanga, kuta zilikuwa zinatiririka maji, na ngazi zimelowa kama mtu amezimwagia ndoo. Nikakwambia bomba limepasuka.

"Si bomba, Baba. Ni majira. Upepo wa kusini ukirudi, nyumba zote hapa zinatoka jasho."

Mlangoni alikuwa amesimama mwenye nyumba, mzee mwembamba mwenye fulana nyeupe na ndara mpya mkononi. Alikuwa amezinunua kwa ajili yangu. Nikazivaa, zikanienea barabara, kwa sababu alishakuuliza ukubwa wa mguu wangu na ulikuwa unaujua. Kisha ukamwambia jambo kwa Kichina, na ukanitafsiria mwenyewe, ukicheka kwa furaha:

"Nimemwambia, huyu ndiye baba yangu wa Tabora."

Sikulala vizuri usiku ule, na nilisingizia unyevu. Ukweli ni kwamba yale maneno mawili ya mwisho yalinikaa kooni. Tangu lini nimehitaji kutajiwa mji ili nijulikane ni baba yupi? Nilikupa jina la mama yangu mzazi. Ndiyo maana nimekuita Mama tangu ukiwa mchanga. Na sasa nilikuwa nimewekwa kwenye fungu, wa Tabora, kana kwamba pembeni yangu kuna fungu lingine.

Basi, kuanzia siku ile nilimtazama yule mzee kwa jicho baya, na kila nilichokiona kilizidisha. Alikuwa mwalimu mstaafu, kama mimi. Mgane, kama mimi. Mwanawe wa pekee alikuwa amehamia ng'ambo na alipiga simu sikukuu tu. Nilijiambia kwamba mtu huyu amepoteza wa kwake, na sasa anamnyemelea wa kwangu. Ulipofungua dirisha lako la juu asubuhi ulimwita, naye alijibu kutoka chini bila kuinua uso, kama watu wanavyoitana katika nyumba ambayo hakuna mgeni. Mgeni nilikuwa mimi.

Kisha ikaja chai.

Alitupeleka kwenye mgahawa wa chai, ule ukumbi mkubwa wenye meza za duara, wazee na magazeti yao, wahudumu wakisukuma vigari vya vitafunwa vya mvuke, na kelele kama za mnada wa ng'ombe. Alisuuza vikombe vyetu kwa chai ya kwanza, akaimwaga, akamimina ya pili. Alipokumiminia wewe, ulikuwa unanieleza habari za kontena lililochelewa. Hukunyamaza, hukumtazama. Ulikunja tu vidole viwili ukagonga meza, ko, ko, ukaendelea na habari zako. Akamimina tena baadaye, ukagonga tena.

"Unagonga nini?" nikauliza.

"Ni asante, Baba. Hapa ndivyo wanavyoshukuru, ili mtu asikatize mazungumzo." Na ukanisimulia ile hadithi yao ya mfalme aliyevaa nguo za kawaida akazunguka nchini na watumishi wake. Siku moja akawamiminia chai kwa mkono wake. Mtumishi alipaswa kumpigia magoti, lakini angepiga magoti siri ingefichuka. Akakunja vidole vyake viwili juu ya meza, vikapiga magoti badala yake.

Ulidhani unanifurahisha, kwa kuwa historia ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Hukuona nilivyobadilika. Kwetu, binti humpigia magoti baba yake anapompa maji. Wewe ulinipigia tangu ulipojifunza kusimama, ukashika kikombe kwa mikono miwili. Ulipoingia chuo kikuu uliacha, nami nikajifanya mzazi wa kisasa. Kumbe magoti hukuyaacha. Uliyahamisha. Nilikaa pale nikihesabiwa kuwa mgeni wa heshima huku vidole vya binti yangu vikimpigia magoti mwanaume mwingine kila kikombe kilipojaa.

Utasema ni upuuzi. Ni upuuzi. Nakwambia tu ulivyouma.

Sisemi kwamba siku zote zilikuwa chungu. Kulikuwa na alasiri ile alipotusimulia asili ya mji wao, wewe katikati ukitafsiri: kwamba zamani palikuwa na njaa, wakashuka wazee watano kutoka mbinguni wamepanda mbuzi watano, kila mbuzi na shada la mpunga mdomoni, kisha mbuzi wakageuka mawe, na ndiyo sababu unaitwa mji wa mbuzi.

"Mwambie," nikasema, "mbuzi wa kwetu angeshaula huo mpunga kabla hajagusa ardhi."

Ulitafsiri. Mzee Leung alicheka hadi akakohoa, akanipiga begani, akasema jambo. "Anasema," ukanifikishia, "ndiyo maana hao mbuzi waligeuzwa mawe haraka."

Nilicheka na mimi. Kwa dakika hiyo nilimpenda. Kisha nikaona jinsi ulivyokuwa unatutazama, mara yeye, mara mimi, uso umekung'aa, na nikaelewa kwamba furaha hiyo haikuwa yangu peke yangu. Moyo ukajifunga tena.

Nikaanza kumtafutia makosa ndani ya historia ya mji wake. Tulipotembea kando ya mto wao mkubwa, penye majengo mapya yaliyofunikwa nyavu za kijani na kreni zikizunguka juu kila upande, nilikumbusha kwa sauti kwamba hapa hapa, karne zilizopita, wafanyabiashara wa Ulaya walibanwa kwenye kipande cha ufuo. Hawakuruhusiwa kuingia ndani ya kuta, kuleta wake zao, wala kufundishwa lugha. "Mtafsirie," nikasema. "Muulize kama nimekosea." Nilitaka uone kwamba mji huu haujawahi kumpenda mgeni.

Ulisita, ukatafsiri. Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi alama zake.

"Anasema ni kweli kabisa. Anasema na sasa mgeni anakaa juu ya kichwa chake na kumsahihisha Kichina chake cha taifa, maana yeye anakitamka kwa lafudhi ya huku kusini."

Mkaangua kicheko wote wawili. Mimi nikatazama mto.

Kwa wenzetu nako sikupata nafuu. Ulinipeleka Kangle, kile kijiji kilichomezwa na mji, vichochoro vyembamba ambako ukinyoosha mkono dirishani unamsalimia jirani, na cherehani zinanguruma kwenye kila chumba. Mama Happy wa Mwanza alikuwa amekalia majora ya vitambaa akibishana na mwenye karakana.

"Kabula, mwambie huyu laoban bei hiyo akamwuzie mama mkwe wake!"

Laoban, yaani bosi, akajibu kwa neno lile ambalo kila mfanyabiashara wetu alilijua kabla ya salamu: "Meiyou, meiyou!" Hakuna, hakuna. Wewe ukamwambia maneno matatu kwa kile Kichina cha kusini, si cha vitabuni, kile alichokufundisha Mzee Leung jikoni kwake. Mtu yule akashtuka, akacheka, akashusha bei.

"Umeona, Mzee wangu?" Mama Happy akanigeukia. "Huyu si wako tena. Wachina wameshamchukua. Siku ya mahari usisumbuke kuja, yule babu wa pale nyumbani kwake atapokea."

"Mama Happy!" ukamkemea.

"Natania tu, jamani. Mzee anajua utani. Sisi Wasukuma na Wanyamwezi tusipotaniana si tutaugua?"

Nilijibu utani kama desturi inavyotaka. Lakini ule ulinichoma kwa sababu jana yake nilikuwa nimeona barazani ungo wa maua mekundu ya misufi, yale makubwa yanayodondoka njiani mwezi wa tatu, yameanikwa. Niliuliza ni ya nini. Ukaniambia Mzee Leung huyaokota na kukupikia supu, tangu mwaka ulipougua homa hadi ukashindwa kushuka ngazi. Alikulisha kwa kijiko siku nyingi.

"Uliugua? Mbona hukunipigia simu?"

"Ungefanya nini, Baba, ukiwa Tabora?"

Hukusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli, ndiyo maana haikusameheka.

Siku mbili kabla sijaondoka ulikuja kukaa kando ya kitanda changu. Ulikuwa umekunja mikono mapajani, kama ulivyokuwa ukikaa ulipotaka kuomba ruhusa ya kwenda disko la shule.

"Baba, usikasirike. Kuna desturi hapa. Mtu mzima anaweza kumchukua kijana awe mtoto wake wa hiari. Hamwondoi kwao. Anampa bakuli na vijiti, maana yake mezani pangu una mahali. Basi. Mzee Leung anataka kunichukua mimi. Lakini amesema hawezi kunipa kitu kabla hajaomba kwako. Ataomba kesho, kwenye chai."

"Na wewe unataka?"

Ulitazama sakafu yenye unyevu. "Miaka yote hii huku, Baba, yeye ndiye mtu pekee aliyeniuliza nimekula nini, na si ninauza nini."

Nikasema, "Tutaona." Ukanishika mkono, ukadhani hilo ni ndiyo ya wazee.

Asubuhi ile alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, amenyoa, na mfuko wa kitambaa begani. Tukakaa. Hatukuwa tumemaliza kikombe cha kwanza simu yako ikaita: wakala wa mizigo, kontena la Mama Happy limezuiwa bandarini Nansha. Ukatoka nje kwenye ngazi kwa sababu ya kelele. Nilikuona kupitia kioo ukitembea huku na huku, mkono mmoja sikioni.

Ulirudi. Mzee Leung alikuwa anatazama vigari vya vitafunwa. Chai yangu ilikuwa imepoa. Ulitutazama, ukakaa, ukangoja. Ulingoja hadi wahudumu walipoondoa vyombo. Mzee akalipa, akasimama, akakuambia atatangulia sokoni kununua samaki.

Njiani kurudi uliniuliza, "Baba, hakusema kitu?"

Nikajibu, "Hakusema kitu."

Nikarudi Tabora. Ulipiga simu baada ya majuma kadhaa, sauti imekauka. Mzee bado alikuwa anakupikia, bado anakusalimia, lakini lile jambo hakuligusa tena. Uliona aibu kumuuliza. Jirani mmoja alikuwa amesema kwa sauti kwamba mtu na akili zake hawezi kuweka mtu mweusi mezani pa mababu zake, na ukaunganisha mambo hayo mawili. "Amebadili mawazo, Baba. Nadhani ni rangi yangu. Nilikuwa mjinga kudhani yeye yuko tofauti."

Ulilia. Nami, baba yako, nilisema: "Watu ndivyo walivyo, Mama. Damu ni damu. Rudi nyumbani."

Hukurudi. Ulihama kwake, ukaenda Xintang kwenye viwanda vya jinzi, ukajifunga na biashara, ukawa mkali. Wanasema hakuna laoban asiyekuogopa. Kila nilipoulizwa habari zako hapa, nilisimulia jinsi Mchina fulani alivyomfanya binti yangu mtumishi wa jikoni akimwita mwana, kisha akamtema kwa sababu ya ngozi yake. Watu walitikisa vichwa. Niliisimulia mara nyingi hadi ikawa na vituo vyake vya kupumulia, kama somo. Nilishindana na mtu aliyekuwa mbali, asiyejua kama tunashindana.

Kisha ukaniambia kwamba mtaa ule umechorwa lile neno jekundu la kubomolewa ndani ya duara, ukuta kwa ukuta, na kwamba Mzee Leung alifariki kabla matingatinga hayajafika. Jirani alikutafuta akakupa habari. "Sikwenda kumzika," ulisema. "Ningekwenda kama nani?"

Swali hilo, Kabula, sijalala nalo vizuri tangu siku hiyo. Na nikuambie jambo la aibu zaidi: hata hapo bado nilimwonea wivu. Kwa sababu ulikuwa unamlilia kwa namna ambayo hujawahi kunililia mimi, na najua hutanililia hivyo.

Siku hizi siwezi kushika birika. Tekla hunimiminia chai asubuhi, nami huwa namweleza jambo, labda la redio, labda la mvua. Juzi alisimama akaniuliza, "Kaka, unagonga nini? Unamwita nani?" Nikatazama meza. Vidole vyangu viwili vilikuwa vimekunjwa juu yake. Sijui vilianza lini. Yeye anasema ni miaka.

Mama, sikuombi unisamehe. Mtu anayekufa akiomba msamaha huwa anamnyima mwenzake nafasi ya kukasirika, na mimi nimekunyima mengi ya kutosha. Furushi sasa hivi nimelitoa chini ya kabati, liko mezani. Tekla atalipeleka posta, au utalifuata mwenyewe, unavyoona. Ukilipata, lile bakuli usiliweke kwenye kabati la vioo. Litumie kulia wali. Na kama kuna mahali walikowahamishia wafu wa ule mtaa, nenda kama binti, kwa sababu ulikuwa na haki hiyo tangu asubuhi ile.

Sasa nimefika.

Ulipotoka na simu, Mzee Leung alifungua mfuko wake. Akaweka bakuli mbele yangu, vijiti juu yake, kijiko pembeni. Akasimama, mzee yule, katikati ya kelele zile, akanimiminia chai kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa Kiingereza, neno moja moja, kama mtu aliyelikariri usiku kucha: "Binti yako. Nyumbani kwangu pia. Wewe unakubali?"

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Vidole viwili tu. Nilifunika kikombe kwa kiganja.

Alingoja kidogo, nadhani alidhani sikuelewa. Alipoona nimeelewa, aliinamisha kichwa. Hakulirudisha bakuli mfukoni. Alivifunga vyote kwa karatasi nyekundu, akavisukuma upande wangu na kusema, "Mpe wewe. Siku nyingine." Kisha akatazama mlango wa kioo, akaona unarudi, akaniwekea lile furushi ndani ya begi langu kwa haraka, ili usije ukajua kwamba baba yako amekataa.

Hakukwambia hadi anakufa. Alinitunzia heshima kwako.

Hakubadili mawazo, Kabula. Aliomba. Aliyekataa ni mimi.

Baba yako wa Tabora